Kitako cha Gorogoro

Mada ya kwanza niliichapa kwa herufi kubwa:
LUGHA NA MAENDELEO BARANI AFRIKA.
Dakta Khasandi akaisoma, akavua miwani,
akaifuta kwa ncha ya leso, akaivaa, akasoma tena.
"Mwalimu," akasema, "nchi hamsini na nne,
nawe una likizo ya Aprili tu."

Nikashuka ngazi za kitivo pale Maseno
bara zima nimelikunja kwapani.

Ya pili nikapunguza: Afrika Mashariki.
Ya tatu: Kenya.
Ya nne: Magharibi mwa Kenya, nikajiona mnyenyekevu.
Kalamu yake nyekundu haikunyenyekea.
Kila neno alilichorea ndoano:
Lugha, ipi? Maendeleo, ya nani?
Na. Inaunga nini na nini?
Hata *na* niliulizwa.

Usiku huo, Kiboswa, nikisahihisha insha za Gredi ya Tano,
watoto arobaini na wanane,
nikajikuta nimewaandikia wote pambizoni:
Fafanua. Fafanua. Fafanua.
Nikaifunika kalamu kwa aibu.

Sawe, tuliyeanza naye, alishapata yake:
viambishi vya kutendesha,
mada safi, imekatwa kama kucha.
Nikajaribu kuazima viambishi.
Vilinibana mabegani.

Jumapili nikaenda Kibuye. Si utafiti,
unga ulikuwa umeisha.
Bi. Rispa Aluoch huuza safu ya tatu, nyuma ya mitumba,
na gorogoro lake lina kitako kilichobonyea kwa ndani,
pigo moja la nyundo:
kila mtu hukiona, hakuna anayekitaja.
Akajaza mahindi, akakung'uta, akarundika kichuguu juu,
kisha akaanza kukipangusa kwa kiganja,
taratibu, macho yake usoni pangu:
"Hii yako, mwalimu. Hii ya watoto. Hii ya Mungu."
Na kwa kila jina alilolitaja
punje zilirudi guniani.

Nikasimama, mfuko wazi.
Mtu wa nyuma akanisukuma kwa kikapu.
"Hebu rudia ulivyosema."
"Nirudie bei?"
"Hapana. Maneno."
Akanitazama kama mteja
aliyeomba kupimiwa kivuli cha mahindi.

Niliyaandika nyuma ya risiti ya karo,
karatasi pekee iliyokuwa mfukoni,
na ile iliyoniuma kuliko zote.

"Soko lipi?" akauliza Dakta.
"Kibuye."
"Lote?"
"Safu ya tatu. Wauza nafaka kumi na mmoja.
Jumapili asubuhi, kabla jua halijawachosha kusema."
"Na swali?"
Hapo nilikawia. Nje, mtu alikuwa akifyeka nyasi.
"Mkono unapopunguza,
mdomo hutumia maneno gani ya kuongeza?"

Kalamu ilibaki na kifuniko chake.
Akasoma kichwa cha mada mara mbili, midomo ikicheza,
kisha, nikidhani nimeponea, akaifunua
akakata neno moja tu: *hila*.
"Hilo umelijibu kabla hujauliza," akasema.
"Nenda na pengo hilo. Waachie walijaze wao."

Pengo la neno moja.
Sijawahi kubeba kitu chepesi
kilichonitoa jasho namna ile mpaka kituoni.

Wiki iliyofuata nikampelekea Bi. Rispa fomu ya ridhaa.
Akaisoma yote, kidole kikifuata mstari,
wateja wakigunaguna.
"Umeandika maneno yangu," akasema.
"Ndiyo, ukikubali."
"Na mkono wangu."
"Na mkono."
Akainamisha gorogoro, akagonga chini yake kwa ukucha, ti, ti.
"Na kitako?"

Nikameza mate.
"Hicho," nikamjibu, "kiko nje ya mipaka ya utafiti."

Alicheka mpaka safu ya nne wakageuka,
akatia sahihi, herufi zimelala kama zimechoka,
akanipimia mahindi,
akapangusa,
kisha akaniongezea konzi moja
bila kusema lolote.

Hiyo sikuiandika popote.